Dawa Ni ya Nani?

Daktari,

Nimepita! Nakuambia kabla ya salamu kwa sababu hukupenda utangulizi. Nimepita mtihani wa leseni, mimi Kimani wako, nikiwa na miaka arobaini na saba na mvi nyingi kuliko watahini wote. Sasa mimi ni mfamasia kamili, si msaidizi wa kusimamiwa.

Matokeo yalinikuta Mau Narok, shambani kwa mama, nimeinamia viazi. Niliposoma simu nikatupa jembe na kupiga kelele hadi majirani wakasimama. Mama alidhani nimeumwa na nyoka. Aliponiona narukaruka akauliza, "Kwani umeokoka?" Nikamwambia, "Hii ni zaidi, mama!" Akanikemea kwa kukufuru, kisha akalia. Nami nikatafuta namba yako. Nilikuwa nimeshabonyeza, Daktari, kabla sijakumbuka.

Nilipofeli mara ya kwanza ulikuwa hai, na ulicheka mpaka ukavua miwani. Mtu aliyewekwa na watahini kuigiza mteja aliniomba kapsuli nne za doksi, ile antibiotiki, nusu dozi. Nikawaka! Dakika zote nilizopewa nilimhubiria kuhusu vijidudu vinavyozoea dawa, wafanyabiashara wanaouza kapsuli mojamoja kama peremende, na wakubwa wanaotazama tu. Nilitoka nikijiona shujaa. Kumbe dawa ilikuwa ya mke wake, naye ni mjamzito, na dawa ile haimfai. Sikuuliza. "Kimani," ukasema, "wewe umefeli kwa ufasaha."

Nilinuna siku tatu. Kila nililosema lilikuwa kweli, na bado ni kweli! Lakini hapa kwetu ni wangapi hujinunulia dawa wenyewe? Mtu ametumwa na shangazi, na jirani, na mwajiri wake. Anasimama kwenye kaunta ya duka lako la dawa pale Lanet ameshika pakiti tupu ya vidonge vya mtu mwingine. Nimeyaona hayo miaka kumi na tisa, halafu ndani ya mtihani nikayasahau.

Ukanipa adhabu. Mwezi mzima nisimwambie mteja lolote kabla ya kuuliza, "Dawa ni ya nani?" Wanajeshi wa kambi ya jirani wakanitania, "Ni ya adui, boss, tia sumu!" Mathe, yule mama muuza mboga, akasema nimekuwa mmbea. Wewe ulikaa kwenye stuli pale nyuma, miguu tayari imevimba, ukihesabu makosa yangu kwa sauti.

Halafu ukaondoka. Sitaki kuandika mengi hapa.

Duka likabaki bila mfamasia wa kulisimamia. Mume wako aliniambia atasubiri mtihani mmoja tu. Nikifeli tena, anauza. Tajiri mmoja alikuwa ameshakuja kupima ukuta, anataka kuweka baa. Baa, Daktari! Mahali ulipopimia watoto dawa za kifua! Nchi hii ikiona mlango wazi... Basi, naona umenitazama juu ya miwani. Narudi kwenye habari.

Binti yako Cherono alinitolea vitabu vyako kutoka nyumbani kwenu, mtaa wa Section 58. Nilivisoma vyote, na pembeni nikakuta maandishi yako ya penseli, unabishana na waandishi. "Uongo. Njoo Nakuru uone." Miaka yote hiyo ukinituliza, kumbe na wewe ulikuwa unawasha moto wako kimyakimya! Nilicheka peke yangu, kisha nikashindwa kufungua ukurasa mwingine hadi kesho yake.

Siku ya mtihani wa pili aliyeigiza mteja alikuwa mama mwenye kitambaa kichwani. "Nipe diklofenaki ya maumivu, na haraka, nyinyi watu wa kemisti ni wezi wa saa na wa pesa." Wezi! Hotuba nzima ilinijaa mdomoni. Mtahini ameinamia karatasi, nami nawaza duka, nawaza baa ile. Nikaimeza. Nikauliza dawa ni ya nani.

Ya baba yake. Anatumia dawa gani nyingine? Akataja ya kuzuia damu isigande. Moyo ukanipiga, Daktari, kwa furaha ya kuuona mtego! Zote mbili pamoja zingeweza kumfanya mzee avuje damu tumboni. Nikamweleza polepole, nikampa dawa ya maumivu iliyo salama zaidi kwa mzee, nikamwandikia ujumbe wa kumpelekea daktari wa baba yake, nikamwomba anirudie nilichomwambia. Akarudia vizuri. Mtahini akainua kichwa kwa mara ya kwanza.

Mume wako amemrudisha tajiri na futi yake. Jumatatu nafungua duka, na cheti changu kitakuwa ukutani.

Pumzika, Daktari wangu. Siwezi kukuahidi upole, ungejua nadanganya. Nitaendelea kuwaandikia magazeti, nitagombana na wauzaji wa jumla na wakubwa wao, na nikikukuta huko uliko tutabishana pia. Lakini mtu akisimama mbele yangu kwenye kaunta, nitanyamaza mpaka amalize.

Kimani