Tanga lililoanikiwa kahawa

Agnetha, shika simu! Shemeji yako Mugisha kamvunja mdogo wake Julius mkono. Kamvunja kweli!

Si unalijua lile boti lake la zamani pale bandarini Kemondo? Mbao kabadilisha, rangi kapiga, likabaki tanga tu. Juzi akalileta tanga hapa nyumbani Ijumbi alitie viraka.

Leo anarudi, anakuta limekatwa vipande vinne, limetandikwa uani, kahawa imeanikwa juu yake. Julius yupo katikati anaigeuza kahawa kwa mguu.

Mugisha hakuuliza. Agnetha, HAKUULIZA! Kashika ile nyundo ya mbao anayopigilia pamba kwenye nyufa za boti, kamshushia. Julius kakinga kwa mkono, mfupa ukalia kah! Kaanguka kwenye kahawa, na bado anapigwa mateke. "Nakuua! Mwaka mzima nahangaika, leo nakuua!"

Ndipo mama mkwe akatoka jikoni na mkasi.

"Nimelikata mimi. Julius alinikataza. Haya, nipige na mimi."

Julius kashapakiwa kwenye pikipiki, anapelekwa hospitali. Mugisha kapiga magoti uani, anaokota kahawa punje moja moja, na mama bado kamsimamia, anangoja apigwe.