Mama Pindo Hataki Kamera

Jumatatu, 9 Juni

Imeamuliwa. Karakana yetu ya mapazia itatengenezewa video. Si ya simu — ya watu wenye kazi yao, wenye taa na maikrofoni. Hoteli mpya inataka kuona tunavyofanya kazi kabla ya kutupa oda, na Kaka, ambaye ndiye mkurugenzi, anasema tukiikosa oda hii nusu ya cherehani zitalala. Maandalizi yote nimetupiwa mimi. Eti kwa sababu mimi ndiye ninayejua kila kitu kilipo. Sifa za namna hii ni mzigo uliofungwa utepe.

Jumatano, 11 Juni

Mwongozaji wa video amekuja kukagua. Mwanamume mpole, haongei mpaka aangalie kwanza. Alisimama katikati ya chumba, akapiga kofi moja, akasikiliza mwangwi. Feni zizimwe siku hiyo, akasema. Jenereta isogezwe nyuma ya ukuta. Na tuamue mapema tunataka kusema nini. Kaka akajibu kwamba tunataka kusema kila kitu. Mwongozaji akakohoa.

Kisha akafika kwa Mama Pindo. Tunamwita hivyo kwa sababu pindo la pazia likipita mikononi mwake halihitaji hata pasi. Mtu wa kushona na kunyamaza. Mwongozaji alimtazama muda mrefu, akamwambia Kaka: tumfuate huyu, tangu kitambaa kinapoingia hadi pazia linapotoka. Kaka alifurahi kama ameposewa.

Mama Pindo hakuinua kichwa. Sindano yake ilikatika.

Alhamisi, 12 Juni

Fundi rangi amepaka ukuta hadi pale jicho la kamera litakapoishia, basi. Nimemuuliza kuhusu sehemu iliyobaki, akasema hiyo haijaalikwa.

Aproni mpya zimekuja, za samawati. Nyeupe zimekatazwa, zinang'aa mno kwenye taa. Nimezunguka na karatasi za ridhaa. Kila atakayeonekana lazima atie sahihi. Wote wametia. Mkata vitambaa aliuliza kama anyoe ndevu au aziache zimpe heshima.

Mama Pindo aliisogeza karatasi kwa ncha ya mkasi.

"Mimi hapana, dada."

Nikamwambia aibu itaisha taa zikiwaka.

"Si aibu." Akarudi kwenye cherehani.

Kaka amekasirika. Anasema mtu akisifiwa kidogo huanza kuringa.

Jumamosi, 14 Juni

Kazi nusu siku. Wengine walipoondoka, Mama Pindo alibaki kunisaidia kukunja sampuli. Katikati ya kukunja, akasema.

Alimkimbia mumewe. Yeye na binti yake, na nguo walizovaa. Mume bado anawaulizia kwa ndugu za mkewe, lakini hajui wako mji gani. Video itawekwa mtandaoni. "Yule huamka na simu, hulala na simu. Ataniona tu."

Nikasema basi tupige mikono yake tu, uso tuuache. Nilijiona nimepata dawa. Akaninyooshea mkono wa kushoto. Kidole cha mwisho kimepinda kwenda nje.

"Hiki alikivunja yeye. Atakijua."

Sampuli moja nimeikunja, nikaikunjua, nikaikunja tena.

Ameniomba nisimwambie mtu. Hasa Kaka.

Jumatatu, 16 Juni

Nimempigia mwongozaji simu: Mama Pindo hatakuwemo, na sababu siwezi kuitoa. Akasema sawa, mkata vitambaa pia anafaa. Hakuchimba. Nimempenda bure.

Kaka amechimba mpaka nyumbani, mezani kwa mama yetu. "Kampuni ni yangu au yako?" Mama akasema ugomvi wa kazini haujapikiwa, tule.

Nilimshauri Mama Pindo kesho, siku ya kupiga video, abaki nyumbani. Amekataa. Alishakimbia mara moja, anasema, na mara moja inatosha. Atashinda stoo, akipanga vitambaa.

Jumanne, 17 Juni

Naandika nikiwa stoo, nimekaa juu ya marobota. Mlango nimeufunga kwa ndani.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Mkata vitambaa kanyoa, na aliongea kama kazaliwa mbele ya kamera. Kaka alikariri maneno yake kama msoma taarifa ya habari, akakosea, akakosea tena, mwisho akaacha maandishi akaongea tu. Hapo ndipo ikawa nzuri.

Halafu meneja wa hoteli akaja bila taarifa. Akashika pazia, akaligeuza, akauliza nani kashona pindo hili, angependa kumwona akilishona. Kaka hakufikiri. Yuko stoo, akasema, na kamera ije huku huku. Niliwahi kabla yake.

Sasa anagonga. Alianza kwa vidole, sasa ni kiganja. "Mdogo wangu, unanitia aibu mbele ya wageni." Nyuma yake namsikia mwongozaji akisema taratibu kwamba kamera ameizima. Meneja anauliza kama kuna mgonjwa.

Mama Pindo halii. Anatoa nyuzi kwenye aproni, moja moja. Nimemwambia tunaweza kukaa humu mpaka waondoke wote. Amenitazama kama mtu mzima anavyomtazama mtoto.

"Dada, oda hii ni ya wenzangu pia. Mfungulie kaka yako. Aingie peke yake, nimwambie mwenyewe."

Nimemwambia ukweli: Kaka ana moyo mzuri lakini hana kifua. Jambo akilisikia asubuhi, jioni mlinzi wa geti anamuuliza lilivyoishia.

"Leo ataota kifua," amesema. Amesimama, anajipangusa aproni.

Ufunguo ninao mimi. Kaka ameacha kugonga. Nasikia tu anavyopumua upande wa pili, na Mama Pindo ameninyooshea mkono ule wa kushoto, nimpe ufunguo —