Nondo wa Miti ya Makaburini

Mama yangu Somoe, uliyetangulia,

Wewe ndiye uliyenionyesha wale nondo wadogo wa kahawia. Ulinishika kichwa ukakielekeza kwenye mti wa myombo. Niliona gome tu, mpaka ulipopuliza na kipande cha gome kikapiga mbawa.

"Usimshike, Esha. Unga wa mbawa ukitoka, haruki tena."

Ukanieleza kwamba kiwavi hula majani mpaka anenepe, kisha hushuka ardhini akajifunga kifukoni kungoja mvua. Akishatoka na mbawa hali kitu. Hutafuta mwenzake, hutaga, hufa.

Mwaka ule mvua za kwanza zilikuja pamoja na mitambo ya kupitisha reli ya bandari mpya. Matrekta mawili yalivuta mnyororo mmoja, na pori letu nyuma ya Mikindani likang'oka na mizizi yake. Nondo waliruka kwa wingi usiosemeka. Ndege wakawadaka hewani, mbawa zilizokatwa zikatuangukia mabegani.

Baba alikuwa kibarua, akifuata nyuma na shoka. Mnyororo ukakatika, ukampiga kifuani mbele ya macho yetu. Hakupata hata kulia.

"Mwondoeni, kazi iendelee!" msimamizi akapiga kelele.

Ulikuwa umepiga magoti kando ya baba. Ukainuka na shoka lake, ukavunja taa za trekta, kisha ukamgeukia yule bwana. "Baba Esha si gogo!" Askari waliolinda mitambo walikuangusha kwa marungu kabla hujamfikia. Nilisikia mkono wako ukivunjika, na haukunyooka tena.

Tulimzika baba penye makaburi ya wazee, chini ya miti pekee iliyosazwa na reli. Na wewe, mwaka jana, tukakulaza ubavuni pake.

Juzi kaka Hamisi alifika hapo na panga. Anataka kupanda mikorosho.

"Wafu hawali, Esha. Wanangu wanakula."

Alipokata tawi la kwanza, nondo wakamwagika chini, akawakanyaga bila kuwaona. Nikamrukia. Nilimng'ata mkono mpaka panga likaanguka. Akanipiga kofi nikadondoka juu ya kaburi lako, nikainuka na panga mkononi. Mama, ningemkata. Alilijua hilo, akarudi nyuma taratibu, akaenda zake.

Sasa hanisalimii. Lakini alichosema kuhusu watoto ni kweli, na nimewapa nusu ya shamba langu la mihogo. Leo asubuhi mke wake alikuja kuchimba, hakunitazama usoni. Nilichukua jembe nikamsaidia.

Lala salama, mama.

Binti yako,
Esha