Fimbo ya Shemeji Yako

Skola we,

Unajua mimi si mtu wa kuandika. Mjukuu wangu ameniuliza namwandikia nani, nikamjibu namwandikia mtu aliyeniachia kazi akaondoka zake. Kwa hiyo tulia huko uliko, usinikatishe kama kawaida yako. Leo nasema mimi mpaka nimalize.

Tumekwenda Kibondo, kwenye maonyesho ya vikundi. Tumecheza kichekesho chako. Na nusura nife pale jukwaani nikufuate.

Siku ile wodini ulinishika mkono ukasema, "Kibondo mtakwenda. Msipokwenda, Vero, nitarudi kukusalimia wewe, na sitamaliza." Nikacheka. Halafu nikatoka nje nikalia karibu na bomba, watu wakidhani nimekuja kufua.

Basi hata udongo wa kaburi haujakauka, shemeji yako Filbert akaniita pembeni, na fimbo yake ile isiyomtoka mkononi. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, tangu mume wako alipofariki, na anakijua cheo chake. Akasema matanga hayajaisha, na watu wazima kama sisi hatuwezi kwenda kuchekesha watu ukumbini huku tukiwa na msiba. "Mkicheza," akasema, "siku ya kumaliza matanga msikanyage hapa. Na wewe Veronika ndiyo kabisa." Akapiga fimbo chini.

Skola! Mimi nisije kwenye matanga yako? Mimi niliyekukanda mgongo, niliyekuogesha mara ya mwisho? Nilirudi kwangu Heru Juu kwa miguu, bodaboda wananipigia honi wala siwasikii. Nikienda Kibondo, nafungiwa mlango wa nyumba yako. Nisipokwenda, nimemdanganya mtu aliyekuwa anakufa. Nilikukasirikia na wewe, nakwambia ukweli. Ulishindwa nini kuomba kitu kidogo, kama watu wengine?

Mimi na wenzetu wa kikundi tukaamua kwenda. Nafasi yako tukampa Mama Zuhura, yule wa duka la vitenge Kasulu mjini. Usikunje uso. Nani mwingine angeweza kuchekesha watu kwa kukaa tu? Tatizo ni moja: mtu wa Ujiji yule, salamu zake fupi. Hujambo, sijambo, basi, anataka tuendelee na maneno. Nami namwambia, Mama Zuhura, hapo kwenye salamu ndipo mchezo wenyewe ulipo! Mbuzi wako amekula maharage yangu. Nimekuja na mchi kukupasua kichwa. Lakini mimi ni Muha, siwezi kukupiga kabla sijakusalimia, na salamu yetu inataka kuinama na kupiga makofi, na makofi hayapigwi na mtu aliyeshika mchi. Kwa hiyo naweka mchi chini. Nauliza watoto, nauliza mihogo, nauliza mgongo wako, naulizwa na mimi, na wakati tunaulizana wewe unauvuta mchi kwa mguu taratibu, unaukalia. Nikimaliza kusalimia, sina mchi, na hasira yenyewe siioni ilikokwenda.

Ulitunga mambo hayo wewe, Skola, ukipalilia, ukicheka peke yako shambani. Mama Zuhura akasema, "Jamani, mnasalimiana mpaka chungu kinaungua!" Na kila tukifanya mazoezi anasahau kuvuta mchi. Kila mara! Nilikuwa nikirudi nyumbani nataka kulia.

Siku ikafika. Ukumbi wa Kibondo umejaa, akina mama wa vikundi kutoka kila upande, hadi wa Nyabibuye. Nachungulia kwenye pazia, namwona nani? Filbert. Amepanda gari kutoka Kasulu, amekaa mstari wa mbele, kofia kichwani, mikono miwili juu ya fimbo. Hakuwa amekuja kucheka yule. Mama Zuhura akaninong'oneza, "Vero, turudi nyumbani." Lakini mimi nilikuwa nimeshashika mchi.

Nikatoka. Nikafoka, nikauonyesha mchi, watu wakaanza kucheka. Filbert wala. Nikauweka chini, nikainama, nikapiga makofi. "Mwakeye!" Mama Zuhura akajibu vizuri. Nikauliza watoto, hawajambo. Nikauliza mihogo, haijambo. Na hapo, Skola, ulimi ukashika njia yake ya siku zote. Miaka yote hatukuwahi kubadilisha majina kwenye mchezo, nilikuwa nakuita Skola palepale jukwaani. Nikapiga makofi nikasema, "Na wa nyumbani kwa Skola, hawajambo?"

Mama Zuhura kinywa wazi. Wenzetu nyuma ya pazia nasikia mmoja anasema, Mungu wangu. Mimi nimeinama vilevile, mikono imeshikana, siwezi kusimama, siwezi kuendelea, machozi yananidondoka kwenye mbao.

Filbert akainuka.

Nikajua basi, ananishusha mbele ya watu wote. Akaja, fimbo ikigonga sakafu, ko, ko, ko, mpaka chini ya jukwaa. Akaniangalia. Nami namwangalia. Na nikaona uso wake unahangaika, maana nyumba niliyoiuliza ni ya ukoo wake, na Muha akiulizwa wa nyumbani kwake hawezi kunyamaza, hata awe na hasira ya namna gani. Akavua kofia. Akainama, akailaza fimbo ukingoni mwa jukwaa. Akapiga makofi.

"Wa nyumbani kwa Skola hawajambo," akasema. "Watoto hawajambo. Mbuzi hawajambo. Mwenyewe ametutangulia." Halafu, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa, akaniuliza na mimi: "Na wewe, Veronika, uliyebaki? Hujambo?"

Nikamwambia sijambo, shemeji. Nikamwambia nalia, lakini sijambo. Akaniuliza wajukuu, nikamuuliza mgongo, akaniuliza mvua ya Heru Juu. Ukumbi mzima ulidhani ndivyo tulivyopanga, wanacheka na kujifuta macho. Na sisi hatukuwa tunacheza tena, Skola. Tulikuwa tunapeana pole ambayo hatukupeana siku ya mazishi.

Tulipomaliza, akainama kuchukua fimbo. Haipo. Anaangalia huku, anaangalia kule. Mama Zuhura amekaa ametulia tuli, uso wa mtu asiyejua lolote, na ncha ya fimbo imechomoza chini ya kitenge chake.

Haki ya Mungu, sijawahi kusikia kicheko kama kile. Na Filbert alicheka! Yule mzee ana mwanya, ulikuwa unajua?

Jana amemtuma binti yako kwangu. Jumamosi tunamaliza matanga, na sisi wote tufike mapema, Mama Zuhura akiwemo. Eti nije na mchi, kuna mihogo mingi ya kutwanga.

Nitakuja. Lakini nitapitia kwako kwanza, kule juu kwenye migomba ulikolala. Mchi nitauweka chini, nitainama, nitapiga makofi, nitakuuliza yote, mpaka mgongo wako. Sitaruka hata moja. Na wewe, Skola wangu, kwa mara ya kwanza tangu tujuane, utaniacha nimalize.

Mwenzako,
Vero