Nimejua Alikokwenda Fahali Wako

Ndugu yangu Mukhwana,

Jumamosi nilichinja kwako. Ni mbuzi wa wageni waliokuja kuzungumza mahari ya Rispa, binti yako. Mama Rispa alinipigia simu mwenyewe. "Shemeji, njoo na kisu chako. Wageni wengine ni Waislamu wa Mumias, lakini hata wasingekuwa, ningekuita wewe." Nikaitikia haraka, kisha nikabaki nimeishika ile simu, maana mimi na wewe hatukuachana vizuri.

Nitakuambia yote, hata yale unayoyajua.

Miaka kumi na tisa nilichinja kila mnyama wa boma lako, wewe Mkristo, mimi Mwislamu, ili sote tule sufuria moja. Wewe ulishika miguu ukageuza uso. Hukuzoea kamwe. "Huyu nilimnywesha maziwa kwa chupa, Athumani. Fanya upesi."

Halafu fahali wako mwekundu akaugua. Siku ya tatu hakuweza kusimama, ukaniita nimchinje kabla hajafa. Nikamtazama: pua kavu, pumzi fupi, macho yamezama. Nikasema huyu si wa kisu, ita daktari wa mifugo. Ulikasirika, na majirani wanasikia. "Kazi yako ni kuchinja, si kunifundisha ng'ombe wangu." Nikafunga kisu changu kwenye kitambaa, nikaenda.

Kesho yake zizi lilikuwa tupu, na kwenye bucha moja njia ya Malava nikaona nyama imejaa kuliko kawaida. Sikuuliza. Nilijiambia umemuuza, na watu wanakula mgonjwa. Nikaacha kununua nyama barabarani. Nikaacha na kukusalimu. Miezi minne, Mukhwana. Kisha presha ikakuangusha shambani, ukaenda. Kwenye mazishi yako, wanao walileta mchinjaji mwingine. Nilitupa udongo wangu kaburini, nikarudi nyumbani bila kula.

Sasa sikia ya Jumamosi.

Mbuzi alikuwa mtulivu. Nilimpa maji, nikamlaza kuelekea kibla, nikataja jina la Mungu, kisu kikapita mara moja. Rispa ndiye aliyeshika miguu. Yeye hakugeuza uso. Tulipomaliza kuchuna, nikachukua jembe nifukie uchafu wa tumboni nyuma ya migomba. Mama Rispa akaniita kutoka mlango wa jikoni.

"Usichimbe hapo, shemeji. Hapo ndipo fahali alipo."

"Fahali gani?"

"Yule mwekundu. Kwani hukujua? Daktari alikuja siku ile ile, akasema huyu hafai kuliwa na mtu wala mbwa. Alipokufa usiku ule, Mukhwana akachimba mpaka mikono ikatoka malengelenge, mimi na Rispa tukimsaidia. Alikuwanga anasema atakuja akuombe msamaha. Lakini kila akikuona njiani, wewe unashika njia ingine."

Nilikaa pale pale kwenye nyasi, damu ya mbuzi bado mikononi. Nilidhani nitalia. Nikacheka, mpaka Mama Rispa akauliza kama niko sawa. Niko sawa. Kile kilichonibana kifua muda wote huu kimeachia. Hukumlisha mtu. Ulimwita daktari, ukachimba, na mimi huku nakula maharagwe kwa hasira.

Mchana nilikaa na wageni, nikala obusuma, ugali wetu, na nyama ya mbuzi yule. Rispa akaniongezea, nikamaliza tena.

Ila nina kosa, na lazima nikuambie. Ile dhana yangu niliwaambia watu wawili: mke wangu, na kaka yake Ramadhani. Mke wangu nilimweleza ukweli jioni ile ile. Kwa Ramadhani nilienda Jumapili, mpaka Matungu, nikamwambia nilikusingizia. "Basi mwombee," akasema. Nimekuombea, kwa namna yangu. Nisamehe, ndugu. Ningevuka tu barabara nikakuuliza. Ni hatua chache, na sikuzipiga.

Rispa ameniomba nisimame upande wa baba zake siku ya harusi. Wakwe zake wanaonekana watu wazuri. Mzee wao mmoja aliuliza mbuzi amefugwa wapi kabla ya kuonja, nikampenda kwa hilo. Nimemjibu Rispa ndiyo. Nitakuja mapema, nimevaa kanzu yangu nyeupe, nikae benchi la mbele kanisani, na wakiuliza nani anamtoa huyu binti, nitasimama na kutaja jina lako kabla ya langu.

Pumzika sasa.

Athumani wako