Kijivu cha Kistaarabu

Jumatatu, 3 Machi
Kinyaa! Bosi kaja na rangi za tovuti ya kliniki ya macho. Ya macho, jamani! Maandishi ya kijivu kilichopauka, juu ya nyeupe. Eti "kijivu cha kistaarabu". Nikasema hayasomeki. Kanijibu sina jicho la usanifu. Mfyuu!

Jumatano, 5 Machi
Nimepima. Tofauti ya mwanga kati ya maandishi na nyuma yake ni mara mbili tu, wakati ili yasomeke inatakiwa angalau nne na nusu. Bosi hata hakutazama — kwenye kioo cha kompyuta yake, kikubwa kama sinia, kila kitu kinang'aa. Mteja kapenda, basi. Mwenye nguvu mpishe. Nimekiweka hicho kijivu chake, kisha nikaenda kunawa mikono. Kwa sabuni.

Ijumaa, 7 Machi
Tovuti iko hewani. Na mama kapata nafasi ya kutolewa mtoto wa jicho, Jumanne, kliniki hiyohiyo! Kajiandikisha mwenyewe kwenye tovuti, kwa simu yake, hataki msaada. "Kazi ya mwanangu, nitashindwaje?" Majirani wote wameshaambiwa. Kausifu ukurasa: msafi, hauna maneno mengi kama zingine. Nikacheka. Bosi angeisikia hiyo angevimba kichwa.

Jumanne, 11 Machi
Naandika hapa kwenye ngazi za ofisi, simu sikioni. Mama kafika kliniki kashiba chai na mkate. Wamekataa kumpasua. Nesi: "Mama, si imeandikwa usile kitu tangu usiku?" Mama kang'aka: haikuandikwa! Mwanangu ndiye aliyetengeneza, hawezi kusahau neno kama hilo. Kanipigia, kampa nesi simu. "Muulize mwenyewe."

Hauna maneno mengi! Kumbe hakuyaona. Nami nikacheka, mpumbavu mimi.

Nesi anasema kama kosa ni lao, atamwingiza kesho. Kama ni la mgonjwa, Juni. Juni! Na jicho la pili nalo limeshaanza ukungu, jana kamimina chai nje ya kikombe.

Bosi kapita, kaninyooshea dole gumba. Mteja kasifu tena.

Nikamwambia nesi ukweli: imeandikwa. Ila afungue aangalie mwenyewe. Kasema nisubiri. Nasikia anabofya. Nyuma yake mama: "Umeona? Si nimekwambia? Peupe!"

Nesi anabofya tena.

Namsikia anamwita mwenzake: "Hebu njoo, wewe una macho mazuri..."