Kivuko cha Mbele ya Hospitali

Jumanne, 7 Oktoba
Mashati matatu ya shule kabla ya saa nne. Uzi mweupe umekwisha. Leo kliniki ya presha, wazee wanavuka barabara tangu asubuhi na malori ya korosho yanapita kama yanafukuzwa. Nikiwa barazani kwenye cherehani nilimwona jirani yangu Bibi Asumini akivuka. Nikamwamkia. Bodaboda ikamkumba. Mkono umevunjika. Siwezi kuandika zaidi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Wote wanasema Bibi alisimama mwenyewe katikati ya barabara. Mwenyekiti wa mtaa anasema ni uzee. Si uzee. Nilisema shikamoo, na Bibi hajapata kumwitikia mtu huku anatembea. Alisimama, akanigeukia, akasema, "Marahaba, mwanangu." Niliyemsimamisha ni mimi. Sijamwambia mtu. Naona aibu.

Jumanne, 14 Oktoba
Bibi hakuja kliniki. Dawa zimekwisha, na hawatoi nyingine bila kumpima. Bajaji hapandi, hata kuikaribia lami hataki. "Mama Zuhura, barabara ile sivuki tena. Nitafia upande huu." Nilimkasirikia. Kisha nikajikasirikia mimi.

Jumatano, 15 Oktoba
Sikushona. Nimeandika barua. Tunataka mistari ya kivuko na matuta mawili. Wazee wametia dole gumba. Mwenyekiti anasema tusubiri bajeti. Nikamwambia tutasubiria ofisini kwake. Akacheka. Sikuwa natania.

Ijumaa, 17 Oktoba
Wazee tisa na mimi, mlangoni kwake tangu asubuhi. Kila anayeingia lazima atuamkie mmoja mmoja. Kazi haikuendelea. Kabla ya adhuhuri mwenyekiti amempigia simu mhandisi wa barabara.

Jumatatu, 20 Oktoba
Mhandisi amekuja, kijana wa Iringa, mpole. Kasema barabara imenyooka, dereva anaona mbali, kosa ni la Bibi kusimama. Nikasema mbele ya watu wote:
"Nilimsimamisha mimi. Nilimwamkia, akasimama kuitikia. Utatufundisha tusiamkiane, mwanangu, au utatuwekea matuta?"
Ametoa futi, akapima.
Nilikimbilia kwa Bibi kabla maneno hayajamfikia. Nikamwambia yote. Kumbe alijua siku ile ile. "Usingeniamkia ningesema huna adabu," akasema, akaniomba maji. Nimelia njia nzima.

Jumanne, 28 Oktoba
Hakuna matuta. Bibi ana kizunguzungu, kichwa kinamgonga. Nimempigia mhandisi mara nne. Kesho nampigia tena. Akizima simu nitamfuata ofisini, na wazee wangu.

Jumamosi, 1 Novemba
Mafundi wamefika na kokoto. Sijawahi kufurahia vumbi namna hii. Nguo za wateja zimechafuka zote, nitazifua.

Jumanne, 4 Novemba
Rangi ya mistari bado inanuka. Nimemshika Bibi mkono ulio mzima. Alisita ukingoni, muda mrefu. Lori likasimama. Tukavuka taratibu, hakuna aliyepiga honi.
Presha yake iko juu, lakini dawa amepata. Nilikuwa nimekaa naye kwenye benchi, muuguzi akanipima na mimi. Akapima tena. Akaniuliza miaka yangu, akaniandikia kadi.
Bibi ameishika kadi yangu wakati natafuta miwani. Nimeambiwa nirudi Jumanne ijayo.